Mkurugenzi wa michezo achaguliwe kama mtunza hazina

Kila nafasi ya mkurugenzi wa michezo inapokuwa wazi katika chuo kikuu, iwe Huye, Bukavu au Bujumbura, mazungumzo hukimbilia majina. Fulani alikuwa mshambuliaji hatari. Fulani alivaa jezi ya taifa. Fulani ni mtu wa watu, kila mtu anampenda. Hata hapa Kamembe, kwenye maduka na vibanda vya kubadilisha fedha, ndivyo watu wanavyobishana. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: katika hao wote, nani anajua kutunza daftari?

Gazeti hili linaona kwamba swali hilo la daftari ndilo la kwanza. Na linamhusu mfanyabiashara anayevuka Rusizi kila asubuhi, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kukaa kwenye dawati la chuo. Watoto wanaocheza ni wake. Ada anayoilipa baada ya kuuza sambaza na nyanya ina sehemu inayokwenda kwenye michezo. Timu ngeni zinapofika, ni yeye anayeuza chakula, maji na vocha, na chuo kinapohitaji jezi, viatu au basi la kukodi, mara nyingi ni yeye anayetoa kwanza na kungoja malipo baadaye. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza anayeshika ofisi hiyo ni nani.

Tuanze na mfano ambao shabiki wa Rwanda hajausahau. Mwaka 2014 timu ya taifa, Amavubi, ilikuwa ikiwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. Iliwatoa Libya, na katika mechi ya Kigali mshambuliaji Daddy Birori alifunga mabao 3. Kisha ikawatoa Congo-Brazzaville kwa penalti. Watu walishangilia barabarani. Mwezi Agosti shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaiondoa Rwanda mashindanoni, kwa sababu mchezaji huyo huyo alikuwa akichezea AS Vita Club ya Kinshasa kwa jina la Etekiama Agiti Tady, akiwa na pasipoti nyingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Congo-Brazzaville ikarudishwa kuchukua nafasi. Mabao yalikuwa mabao kweli, yaliyoharibika ni makaratasi.

Miaka saba baadaye, Septemba 2021, Kigali iliandaa mashindano ya voliboli ya wanawake ya Afrika. Rwanda ilikuwa mwenyeji, ukumbi mpya, wimbo wa taifa unaimbwa. Timu ikaondolewa katikati ya mashindano baada ya kulalamikiwa kwamba wachezaji wake 4 wenye asili ya Brazil hawakuwa na uhalali wa kuichezea. Wasichana wengine wote, waliozaliwa na kufundishwa hapa nyumbani, wakaenda na maji. Hawakufanya kosa lolote zaidi ya kuwa kwenye orodha moja na wenzao.

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa mambo haya mara mbili. Mchele wa Bugarama ukiwa na karatasi yenye jina lisilo lake, mchele ni uleule mzuri, lakini haupiti. Anajua kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinaweza kumwokolea siku nzima, na kwamba kukisahau nyumbani kunaweza kumharibia wiki. Lakini hizo zilikuwa timu za taifa, zenye shirikisho na wizara nyuma yake. Timu ya chuo ina mtu mmoja, ofisi moja, na pengine kompyuta moja. Mtu huyo akiwa hajui kazi, hakuna wa kumrekebisha kabla jambo halijaharibika.

Tuchukue safari ndogo kabisa. Timu ya mpira wa kikapu ya wasichana inatoka Kamembe kwenda kucheza na wenzao wa Université Catholique de Bukavu. Ukisimama juu Kamembe unaziona nyumba za Bukavu ng'ambo, na mtu mwenye pikipiki anaweza kucheka ukimwambia hiyo ni safari ya nchi za nje. Ila ni safari ya nchi za nje. Kila msichana awe na kitambulisho au hati ya kusafiria inayosomeka, yenye jina lilelile lililo kwenye orodha ya wachezaji. Wamo wanafunzi kutoka Burundi na kwingineko ambao masharti yao ya kuvuka si sawa na ya Mnyarwanda. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwepo. Barua ya mwaliko kutoka Bukavu, barua ya ruhusa kutoka chuoni, bima itakayolipa hospitali upande ule msichana akivunjika mguu. Mtu wa kuwapokea penye daraja. Na mtu anayejua kwa uhakika mpaka unafungwa saa ngapi siku hiyo, maana mechi ikiingia muda wa nyongeza, wasichana kumi na wawili hawawezi kulala kituoni kwa sababu kocha alidhani.

Hayo yote hayafanywi siku ya mechi. Hufanywa wiki tatu kabla, na mtu anayependa kazi za aina hiyo. Aliyekuwa nyota uwanjani anaweza kuzipenda, lakini hatuwezi kudhani anazipenda kwa sababu tu alikuwa nyota.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni mtu wa kusema, leo hatuvuki. Mpaka wetu hauko wazi daima. Machi 2020, korona ilipoingia, watu walizuiwa na mizigo tu ikaendelea kupita. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, na wenye biashara zao Ruhwa wanajua ilivyokuwa. Vita vya Kivu navyo havitoi taarifa kabla. Mkurugenzi wa michezo katika mji kama huu lazima awe na uso mkavu wa kufuta mechi iliyotangazwa, yenye wageni waalikwa na wafadhili, kwa sababu habari za asubuhi si nzuri. Mtu anayetafuta kupigiwa makofi hawezi uamuzi huo. Mzazi aliyewahi kungoja mtoto upande wa pili wa maji anatuelewa.

Wapo watakaosema tunawadharau wachezaji wa zamani. Hapana. Mchezaji wa zamani ana kitu ambacho mhasibu hana: vijana humsikiliza bila kulazimishwa, na akipiga simu kwa kocha wa timu nyingine hupokelewa. Suleiman Nyambui wa Tanzania alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow 1980, alikimbia akiwa mwanafunzi Marekani, Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha nchi yake. Ukimpata mtu kama huyo, mwenye miguu na kalamu, mchukue. Tunachokataa ni kazi hii kutolewa kama pensheni kwa mtu ambaye hajawahi kuandika ripoti, halafu katibu muhtasi wa ofisi ndiye anayefanya kazi na yeye anapiga picha na wageni.

Na tusisahau kwamba vijana wetu wenye vipaji wamekuwa wakichukuliwa na vyuo vya mbali kwa sababu huko kuna mtu aliyeajiriwa kuwatafuta. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Chuo kile hakikuwa karibu na Nandi. Kilikuwa na ofisi ya michezo inayofanya kazi.

Karibu nasi, Makerere inafaa kutazamwa. Kampala ndiko yaliko makao ya shirikisho la michezo ya vyuo vikuu vya Afrika, FASU, na Peninah Kabenge, aliyeongoza michezo Makerere, amekuwa pia katibu mkuu wa shirikisho hilo. Wengi hawawezi kukuambia alicheza namba ngapi. Wanajua kwamba barua ikienda kwake inajibiwa.

Hilo linatuleta kwa wasichana, na hapa hatutapita haraka. Wengi wa wanaovuka daraja na beseni kichwani ni akina mama. Ndio wanaolipia mabinti shule. Binti akifika chuoni na kutaka kucheza, mara nyingi hukuta uwanja una ratiba ya wavulana, na yeye amepewa saa ambayo jua linawaka au giza linaingia. Basi la ugenini lina kocha mwanamume tu. Akisumbuliwa, hajui amwambie nani, na akisema, huenda ndiye atakayeachwa kwenye orodha. Marekani ilitunga sheria mwaka 1972 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali, na michezo ya wanawake huko ikabadilika kabisa ndani ya kizazi kimoja. Sisi hatuhitaji kungoja sheria ya mtu. Katika usaili, mgombea aulizwe: mara ya mwisho ulipoisafirisha timu ya wasichana, nani alisafiri nao, walilala wapi, na malalamiko yalipelekwa kwa nani? Asiyekuwa na jibu asipewe kazi, hata kama alifunga mabao mangapi.

Halafu kuna suala la mamlaka. Chuo Kikuu cha Rwanda kilizaliwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi 7 za umma, na kikawa na kampasi kila upande wa nchi, Rusizi ikiwemo, iliyojulikana kwa masomo ya biashara na uchumi. Muungano una faida zake. Lakini kutoka Kamembe hadi Kigali ni saa tano au sita za basi, kupitia msitu wa Nyungwe, na mkurugenzi anayekaa Kigali hawezi kujua kwamba leo foleni ya Rusizi ya Kwanza imefika barabarani. Chuo chochote chenye matawi, cha umma au binafsi, kikimchagua mkurugenzi mkuu mzuri na kisha kumwacha msimamizi wa mpakani bila sahihi yake wala fungu dogo la fedha, kitakuwa kimefanya nusu ya kazi. Kukodi koasta moja kusihitaji sahihi ya mtu aliye mbali.

Msimamizi huyo ajue Kiswahili, na akijue vizuri. Rwanda imekifanya kuwa lugha rasmi tangu 2017, Kongo imo ndani ya Jumuiya tangu 2022, na mwamuzi, polisi wa mpakani na mwenye nyumba ya wageni wa Bukavu wote wanakisema. Hili huonekana dogo kwenye tangazo la kazi. Penye daraja saa kumi na mbili jioni si dogo.

Mwisho ni fedha, na hapa tunazungumza nanyi wenye mitaji. Kwenye ikimina, au tontine kama wanavyoita ng'ambo, hatumpi ufunguo wa sanduku yule anayecheza ngoma vizuri kuliko wote. Tunampa aliyewahi kutunza fedha za watu na zikatimia. Chuo nacho kiangalie hilo: mgombea alipewa fungu gani zamani, alilitumiaje, na wauzaji waliomkopesha wanasemaje. Mambo haya hayapatikani kwenye vyeti. Yanapatikana sokoni, kwa kuuliza.

Lakini nasi tuna sehemu yetu. Mfanyabiashara anayetoa mchango wa timu mkononi, bila risiti, kwa sababu anamfahamu kocha, anasaidia kuharibu ofisi ile ile anayoilalamikia. Mchango uende kwenye akaunti ya chuo, kwa benki au kwa simu, uandikwe. Jezi ziuzwe kwa risiti ya EBM, na malipo yawe na tarehe. Ukimkopesha mkurugenzi kwa mdomo, usishangae akiondoka na deni lako likaondoka naye.

Tunapendekeza jambo moja zaidi kwa wakuu wa vyuo. Katika kamati ya usaili awepo mwanafunzi mchezaji, msichana, awepo mhasibu, na awepo mtu mmoja kutoka vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wa mpakani. Kila mgombea apewe karatasi tupu na saa moja: panga safari ya Bukavu ya Jumamosi ijayo, watu 16, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na gharama zake. Kamati isome karatasi hizo kabla ya kusoma wasifu wa mtu yeyote. Baada ya kuajiriwa, hesabu za michezo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula, kwa lugha inayosomeka.

Mwaka wa masomo huanza Septemba. Vyama vya ushirika vya Kamembe na Bugarama vinavyotaka kiti kwenye kamati hizo viandike barua sasa, kabla majina hayajapelekwa mezani.