Kinga ya mgonjwa isingoje saratani irudi

Saratani ya damu hujificha. Uboho hupimwa, darubini isione kitu, mgonjwa akaruhusiwa, kumbe zimebaki seli chache. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi huwa sugu kwa tibakemikali zilizoutuliza mwanzo. Hata hivyo, tiba zinazotumia kinga ya mgonjwa mwenyewe ziliwekewa walioshindikana kwa kila kitu. Naona foleni hiyo ilipangwa kinyume. Chukua blinatumomabu, inayotumika kwa lukemia kali ya seli B. Dawa hii haiui saratani yenyewe. Upande mmoja hushika seli T ya kinga, upande wa pili hushika alama ya CD19 kwenye seli ya saratani, na seli T humaliza kazi. Seli za saratani zikiwa nyingi mno, seli T huzidiwa. Zikiwa chache, seli T humudu. Katika jaribio la E1910, watu wazima 224 ambao vipimo makini havikuona tena ugonjwa kwao waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka 3, waliopata tibakemikali pekee walikuwa hai asilimia 68. Walioongezewa blinatumomabu, asilimia 85. Yaani baadhi ya hao “safi” hawakuwa safi. Kwa watoto 1,440 wa jaribio la AALL1731, walioishi miaka 3 bila ugonjwa kurudi walipanda kutoka asilimia 87.9 kwa tibakemikali pekee hadi 96 kwa walioongezewa dawa hiyo.

Wapo watakaosema CD19 imo pia kwenye seli B zenye afya. Ni kweli, nazo huuawa kinga ikapungua, na watoto walioongezewa dawa hiyo walipata maambukizi zaidi ya damu. Anayeitoa dawa hii bila antibayotiki za uhakika anacheza na maisha ya mtu. Pingamizi zito zaidi ni gharama: dawa ni ghali, na dripu hukaa siku 28 mfululizo kwa kila awamu. Afrika Mashariki, ambako watoto wengi hukatisha hata matibabu ya kawaida, si anasa? Dawa za msingi na nauli ya mzazi zitangulie, sibishi. Lakini pasipo na huduma ya kupandikiza uboho, ugonjwa ukirudi mtoto hana pa kukimbilia, kwa hiyo kuuzuia kuna thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa nchi tajiri. Serikali zetu zijadili bei kwa pamoja, na zianze na mashine za kusoma alama za seli pamoja na wataalamu wa kuziendesha, maana bila hizo hatutajua hata dawa hii inamfaa nani.