Usisubiri mkataba wa fremu uishe ndio uanze kuongea

Leo naongea na wapangaji, ila na wewe mwenye fremu usiondoke, yanakuhusu.

Fremu yangu ya kwanza ilikuwa Mbagala, duka la vipodozi. Kodi 150,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Nikaingia gharama: shelfu, vioo, taa, rangi. Biashara ikakubali. Mkataba unaisha mwisho wa Juni, na mimi nimekausha. Nilijiambia nikianza kuongea mapema, mzee atakumbuka kupandisha kodi.

Tarehe 28 Juni mzee huyo mlangoni. "Mwanangu, kuanzia mwezi ujao ni 250,000, na nataka ya mwaka mzima." Yaani milioni 3 ndani ya siku mbili! Mimi nilikuwa na mzigo dukani, sio hela mkononi. Nikahama. Shelfu zingine zilivunjika wakati wa kuzibandua ukutani, na wateja wengi ndio nikawapoteza jumla.

Watu waliniambia mzee ana roho mbaya. Mimi nasema kosa kubwa lilikuwa langu. Mpangaji ana nguvu ya kuongea miezi mitatu kabla, sio siku mbili kabla. Ukiwa na miezi mitatu unaweza kubembeleza, kutafuta hela au kutafuta fremu nyingine. Ukiwa na siku mbili unakubali chochote au unahama.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Miezi mitatu kabla namfuata mwenye fremu tunaongea. Tukimaliza namtumia meseji ya tulichokubaliana, ibaki ushahidi.

2. Mkataba mpya lazima useme: notisi ya miezi mitatu kwa kila upande, kodi itapanda kwa kiasi gani, na vitu nilivyofunga ni vya nani nikihama. Tunasaini mbele ya mashahidi.

3. Tunamalizana mapema kuhusu kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata 10% ya pango na kuipeleka TRA. Hiyo ni kodi ya mwenye fremu, wewe unaipeleka tu kwa niaba yake. Kama pango ni 900,000 kwa miezi sita, 90,000 inaenda TRA, yeye anapokea 810,000. Wengi wanakuambia "hiyo utajua mwenyewe". Ukinyamaza, hiyo hela inatoka kwenye mtaji wako.

Sasa wewe mwenye fremu. Kupandisha kodi ni haki yako, maisha yamepanda kwa wote. Ila piga hesabu. Ukiongeza 20,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 240,000. Mpangaji akiondoka na fremu ya 150,000 ikakaa wazi miezi miwili, umepoteza 300,000. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza jengo lako, mwambie mapema, mpe nafasi ya kujipanga. Kumshtukiza mtu sio biashara.

Mpangaji mwenzangu, mkataba wako unaisha lini? Kama hujui tarehe kwa kichwa, funga simu, kautafute sasa hivi. Halafu urudi utuambie umebakiza miezi mingapi.