Mayungiyungi Adimu katika Nyua za Mjini

Mkazi wa Dar es Salaam aliyeletewa zawadi ya tunguu la yungiyungi kutoka Ulaya kwa kawaida hupata furaha ya msimu mmoja tu. Tunguu hilo hufika likiwa limekwisha kupitishwa katika ubaridi unaolichochea kuchanua. Likipandwa chunguni huota, hutoa ua kubwa lenye harufu nzuri, majirani husifu, kisha majani hunyauka. Mwaka wa pili huchomoza majani machache dhaifu yasiyo na ua. Mwaka wa tatu, mwenye chungu akifukua hukuta udongo mtupu. Hapo hulaumiwa mchanga wa Kariakoo, hulaumiwa maji ya bomba, na mara nyingine hulaumiwa jirani mwenye kijicho. Lawama zote hizo si za haki.

Mayungiyungi yaitwayo na wataalamu Lilium ni mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia. Huota yenyewe katika Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, wala hakuna spishi yake hata moja iliyo ya asili katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Maisha ya mimea hiyo yamefungamana na majira ya baridi. Yungiyungi jeupe linalouzwa sana ng'ambo wakati wa Pasaka, Lilium longiflorum, huwekwa na wakulima wa maua kwa muda wa wiki 6 hivi katika ubaridi wa nyuzi 4 hadi 7 za Sentigredi ndipo lichanue kwa wakati unaotakiwa. Dar es Salaam, hata usiku wa mwezi Julai, kipimajoto ni nadra kushuka mbali chini ya nyuzi 18. Tunguu husubiri dalili ya majira isiyokuja, hutumia akiba yake ya chakula, na mwisho huoza. Mwenye jokofu anaweza kulidanganya tunguu kwa kulilaza humo kila mwaka kati ya nyanya na samaki, lakini hiyo ni gharama kubwa kwa kuiga hali ya hewa ya nchi nyingine.

Kosa hasa liko katika namna watu wanavyopima uadimu. Kitu kilichovuka bahari huitwa adimu, na kilichoota bondeni nyuma ya shule huitwa gugu. Kumbe kwa mwenye ua wa nyumba ya Kiswahili, au roshani ya ghorofa mtaa wa Msimbazi, mimea ya kushangaza kuliko Lilium imo katika nchi yake mwenyewe, nayo inalijua joto la pwani tangu zamani. Lugha nayo iliijua. Neno yungiyungi, ambalo siku hizi hutumiwa kwa kila ua la namna hiyo, kwa asili ni jina la ua la majini. Na kwa ua la nchi kavu lenye tunguu Kiswahili kina neno lake, nyinyoro. Ni huzuni kwamba mwanafunzi wa sekondari aweza kulichora Lilium kutoka kitabuni, petali 6 na stameni 6, asiweze kuitambua nyinyoro ikiwa mbele ya macho yake.

Nyinyoro, Scadoxus multiflorus, hulala chini ya ardhi muda wote wa kiangazi. Mvua za kwanza zinapogusa udongo huchomoza shina moja nene, mara nyingi kabla majani hayajakunjuka, na juu yake hufunguka tufe jekundu lililoundwa kwa vijiua vingi vyembamba, pengine hata 200. Ua hilo halidumu sana. Hufuata majani mapana ambayo kazi yake ni kujaza tena ghala la tunguu, kisha mmea hupotea. Mtu asiyejua desturi hii huua nyinyoro kwa wema: huona chungu kitupu, hukimwagilia maji kila siku, na tunguu huoza. Kinachotakiwa ni kivuli chepesi, udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo, na chungu kiachwe kikavu hadi mvua zirudi. Mmea huu haupendi kuhamishwahamishwa. Kopo la rangi lililotobolewa chini latosha kuutunza kwa miaka kadhaa.

Mwalimu wa biolojia anayetaka kueleza nyinyoro hana haja ya kwenda mbali zaidi ya Soko la Kariakoo, kwa maana ndugu yake huuzwa pale kwa magunia. Kitunguu maji na nyinyoro, kwa mujibu wa uainishaji wa sasa, vimo katika familia moja ya Amaryllidaceae. Kitunguu kilichokatwa katikati huonyesha mpango ule ule: shina fupi kama kisahani chini, majani manene yenye akiba yakikumbatiana, na chipukizi ndani. Lakini undugu huo usimpotoshe mtu. Tunguu la nyinyoro lina alkaloidi, mojawapo ikiwa likorini, ambazo huleta kutapika na madhara makubwa zaidi. Lisihifadhiwe jikoni hata siku moja.

Kuna jamaa mwingine wa familia hiyo, Crinum, mwenye maua makubwa meupe au yenye michirizi ya waridi. Spishi moja inaitwa Crinum stuhlmannii, kwa jina la Franz Stuhlmann, Mjerumani anayehusishwa na kuanzishwa kwa Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Mbegu za Crinum ni nene, zina unyevu wake zenyewe, na huweza kuota zikiwa juu ya meza bila udongo wala maji. Kwa shule isiyo na maabara ya kutosha, hakuna jaribio la bei nafuu kuliko hilo.

Mmea unaostahili maelezo marefu zaidi ni Gloriosa superba, unaotajwa katika baadhi ya orodha za majina ya mimea kuwa mkalamu. Huo hutambaa. Ncha ya kila jani imejikunja kuwa kikono, na kwa vikono hivyo mmea hupanda kichaka, ukuta wa miti au kamba ya kuanikia nguo hadi kimo cha meta 2. Petali zake hupinda kuelekea nyuma kama ndimi za moto, huanza na rangi ya kijani na manjano, kisha hugeuka nyekundu kadiri siku zinavyopita. Stameni hutawanyika pembeni, na mtindi wa ua, badala ya kusimama wima, huvunjika kwa pembe kuelekea upande mmoja, hata kipepeo anayezunguka ua huweza kugusa chavua mahali pamoja na ncha ya mtindi mahali pengine. Chini ya ardhi kuna kiazi chenye umbo la pembe mbili. Kila pembe ina jicho moja tu la kuotea nchani, na jicho likivunjika upande ule hauoti tena. Ndiyo sababu viazi vinavyotupwa ovyo katika mifuko ya wauzaji mara nyingi haviamki.

Mmea huo wote una sumu, na kiazi chake zaidi. Sumu yenyewe ni kolkisini, ambayo wakemia waliitambua ndani ya Gloriosa mwaka 1915. Huko Sri Lanka na India wamekufa watu waliokula viazi hivyo kwa kudhani ni viazi vya chakula. Na bado kolkisini hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana kinachosimamiwa na daktari, ni dawa ya maumivu ya viungo yaitwayo jongo. Kwa ajili yake wakulima wa Tamil Nadu hulima mmea huu na kuuza mbegu zake kwa viwanda vya dawa. Njia ya utendaji wake inafaa kusomwa darasani. Seli inapogawanyika, nyuzi nyembamba huvuta kromosomu kwenda pande mbili. Kolkisini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, na seli hubaki na kromosomu maradufu. Mwaka 1937 wanasayansi wa Marekani, Blakeslee na Avery, walionyesha kwamba jambo hilo laweza kutumiwa kuzalisha mimea mipya, na baadaye mtaalamu wa Kijapani Hitoshi Kihara akaitumia njia hiyo kupata tikiti maji lisilo na mbegu. Katika ua mmoja wa maua, basi, zinakutana sura kadhaa za mtaala: uchavushaji, mgawanyiko wa seli, jenetiki na elimu ya dawa.

Wapo walimu watakaosema kwamba mmea wa sumu haufai kukaribishwa shuleni, wala katika ua wanamocheza watoto. Hoja hiyo ina uzito, na mahali penye watoto wadogo yafaa ifuatwe bila kubishana. Kwa shule za sekondari, hata hivyo, haitoshi. Mmea huo huota porini, nao kijana asiyeujua ndiye aliye hatarini anapochimba kiazi msituni. Upandwe ndani ya uzio, uandikiwe kibao, mikono ioshwe baada ya kazi, na kiazi kisikae kamwe pamoja na vyakula. Haya ni masharti yale yale ambayo kila maabara hutumia kwa chupa ya asidi.

Yungiyungi lenyewe, la majini, nalo lina historia. Mwaka 1877 mtaalamu wa Kijerumani Robert Caspary alilieleza kitaalamu ua la buluu kwa jina la Nymphaea zanzibariensis, na kutoka hapo likaenea katika mabwawa ya bustani za Ulaya na Marekani. Siku hizi wengi hulihesabu kuwa namna mojawapo ya Nymphaea nouchali. Hufunguka mchana na kufumba jua linapopungua. Pipa lililokatwa nusu, lenye tabaka la udongo mzito chini na maji juu, lalitosha, mradi lipate jua kwa saa 6 hivi; na kwa kuwa jua la Kariakoo limezibwa na maghorofa, mahali pake ni juu ya paa. Lakini jiji lililopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019 halina nafasi ya kufuga mbu. Aedes hutaga mayai yake hasa katika vyombo vya namna hiyo. Asiyekuwa tayari kuweka samaki wadogo walao viluwiluwi, na kuwachungulia kila juma kama wangali hai, asipande yungiyungi.

Yote haya hayana maana iwapo mimea yenyewe itatolewa porini kwa jembe. Misitu ya pwani iliyobaki karibu na jiji, kama ile ya Pugu na Kazimzumbwi, imekwisha kuumizwa vya kutosha na ukataji wa mkaa na upanuzi wa makazi. Nyinyoro moja ikichimbwa, kinachoondoka ni akiba ya miaka mingi pamoja na mbegu ambazo zingeanguka pale. Tanzania ina mfano wake wa kukumbuka. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alikusanya dughulushi za Usambara na kuzipeleka kwao. Mwaka uliofuata zikapewa jina la kisayansi. Leo dughulushi hupambwa madirishani katika nyumba zisizohesabika za nchi za baridi, hali baadhi ya aina zake za porini zimebaki katika vipande vidogo vya msitu ambavyo mtu aweza kuvizunguka kwa miguu. Wingi wa chunguni haukuwa kinga kwa mwitu.

Mnunuzi, kwa hiyo, ana swali la kumwuliza muuza miche kabla ya kuuliza bei: tunguu hili limetoka wapi? Jibu mara nyingi huonekana kwenye mmea wenyewe. Tunguu lililokuzwa huwa limeshika chungu chake kwa mizizi mizima, na wenzake hulingana nalo kwa ukubwa. Lililochimbwa huwa na mizizi iliyokatwa, michubuko ya jembe, na udongo mwekundu wa mbali uliokwama kwenye maganda. La namna hiyo liachwe hapo hapo, hata kama muuzaji anapunguza bei. Fedha inayolipwa kwalo ndiyo inayomrudisha mchimbaji porini.

Njia iliyo safi ni mbegu, na vitunguu vichanga vinavyojitenga pembeni mwa tunguu mama. Shule moja yenye nyinyoro chache na mikalamu michache inaweza baada ya muda kuzigawia shule jirani bila mtu kuingia msituni na jembe. Ni kazi ya polepole, nayo haifai kwa maonyesho ya wiki moja. Mbegu za nyinyoro hutolewa ndani ya matunda mekundu yaliyoiva, huoshwa utelezi wake, na hupandwa zingali mbichi, juu juu, katika kivuli. Mwaka wa kwanza huonekana jani moja au mawili tu. Mbegu za mkalamu, nyekundu na ngumu, nazo hazina haraka. Kiazi cha kwanza huwa chembamba kama penseli, na ua huja baada ya miaka miwili au mitatu. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akizipanda mwanzoni mwa masika, huenda akaliona ua lake akiwa Kidato cha Tatu, endapo wakati wa likizo atapatikana mtu wa kukumbuka kutozimwagilia maji kiangazi.