Fungate ya bangili: mgeni si mchoyo, tatizo ni hesabu

Leo asaimenti naiweka pembeni kidogo, maana kuna ubishi umezuka huku dahalia na mie sikubaliani na wengi.

Wengi wanasema hivi: mzungu anayekuja Zanzibar fungate siku hizi ni mchoyo. Anafika na mkewe, anavalishwa bangili ya plastiki mkononi, wanajifungia hotelini wiki nzima, wanakula, wanakunywa, wanaota jua, halafu hao uwanja wa ndege. Mama wa chapati aliye nje ya geti hapati hata mia. Mie nasema si choyo jamani, ni hesabu. Na hesabu yenyewe tusipoielewa tutalalamika mpaka tuote mvi.

Chukueni Kiwengwa, ile ya daladala 117. Tangu miaka ya 1990 pale kumejaa hoteli za Waitaliano, mpaka kuna vijana wanaongea Kiitaliano vizuri kuliko Kiingereza tulichofundishwa skuli. Sasa jiweke kwenye nafasi ya hao maharusi. Hawajawahi kufika Afrika. Pengine hata safari ya mbali pamoja hawajawahi. Wamedunduliza pesa, wameingia kwa wakala huko kwao Milano, wakauziwa kila kitu kwa bei moja: ndege, basi la kuwapokea, chumba, milo mitatu, soda na bia. Kwa watu wanaosafiri mara ya kwanza hiyo ni raha tupu. Hakuna kuulizana bei, hakuna kugombana kuhusu pesa katikati ya fungate.

Lakini raha hiyo ina mtego wake. Mtu akishalipia chakula cha mchana cha siku saba, sahani ya pweza wa kijijini anaiona kama kulipa mara mbili. Hata wewe ukishalipia kantini mwezi mzima, utakwenda kununua urojo kila siku? Thubutu! Ongeza na kikao cha siku ya kwanza, ambapo mara nyingi wageni huambiwa wajihadhari na papasi na matembezi wayanunue palepale hotelini. Basi, geti linakuwa mpaka wa nchi.

Na sisi tunausaidia huo mpaka. Maharusi wakitoa mguu tu ufukweni, vijana sita wanawazunguka, huyu ana vinyago, huyu ana boti, huyu "jambo jambo" mpaka chooni. Nani atataka kutoka tena?

Wanachokosa ni kikubwa. Bahari yetu ya mashariki inakupwa mbali kabisa, hadi kule kwenye mwamba. Picha za matangazo zinaonesha maji yamejaa tu. Bibi harusi akiamka akakuta bahari imekimbia anadhani ameibiwa, anaelekezwa kwenye bwawa la kuogelea. Kumbe saa hiyo ya maji kupwa ndiyo saa ya watu! Kina mama wanashuka kwenye mwani, hasa wakati wa bamvua, wengine na vijiti vyao wanatafuta pweza. Kilimo cha mwani kimeanza kama biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mtu amesafiri kutoka Ulaya, anaikosa kwa sababu ya mita mia mbili.

Sasa hoja yangu. Tuache kumuomba mgeni atoke kwa huruma. Siku ya nje iingizwe kwenye bei tangu anaponunua safari kwao. Wiki moja, siku moja ya kijiji: kutembea na maji kupwa, chakula cha mchana kwa mama lishe, msitu wa Kiwengwa-Pongwe na mapango yake, kurudi jioni. Mgeni anapewa kuponi, anaikabidhi kwa mama, mama anaipeleka hotelini kulipwa. Kwa kuwa ameshailipia, atatoka tu! Ile hesabu iliyokuwa inamfungia ndani ndiyo itakayomtoa nje.

Mtasema hoteli zitakataa. Kwa nini? Mgeni aliyelipia kila kitu, mlo anaokula nje ni mlo ambao hoteli haikuupika. Wenye hofu ya kweli ni mawakala, maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inambebesha muuza safari jukumu la huduma zote zilizomo kwenye kifurushi. Mgeni akiharisha, wao ndio wa kujibu. Hofu hiyo naiheshimu. Dawa yake ni watembeza wageni wenye leseni ya Kamisheni ya Utalii, na mama lishe ambao jiko lao limekaguliwa na orodha yao iko kwa sheha. Si kazi ngumu kuliko kujenga hoteli.

Kwa nini mie mwalimu mtarajiwa nahangaika na fungate za watu? Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya ukanda huo, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kichwa haswa, ila kila wiki siku mbili haonekani. Nikamwita. Akanijibu bila kupepesa macho: "Mwalimu, wageni wapya wanatoka nje siku ya kwanza na ya pili tu. Ukiwakosa hizo, ndo basi tena." Siku zake za utoro zilifuata ratiba ya ndege! Nikajisemea, mtoto anayeweza kupiga hesabu ile angekuwa wapi kama angekaa darasani siku zote tano?

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Hatuhitaji wengine ili huyu kijana arudi darasani. Tunahitaji hawa hawa maharusi watoke siku moja, wakiwa na mtu mzima mwenye leseni, wakale kwa mama aliyejua tangu jana kwamba wanakuja. Pale ndipo kijana hatakuwa na sababu ya kukimbilia ufukweni, na mama yake atakuwa na pesa ya daftari.

Kwa hiyo mkiwaona na bangili zao msiwacheke. Wamenunua walichouziwa. Tubadilishe kinachouzwa.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga anikute kantini, ila soda analipa yeye.