KARANI NAYE ANA JASHO

Wananchi wengi wakisikia neno unyonyaji humfikiria mkulima aliyepunjwa na mlanguzi, au mchukuzi wa bandarini, au kibarua wa shamba la mkonge. Ni wachache wanaomfikiria karani. Karani huvaa shati safi, huketi kitini chini ya feni, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake huingia benki. Basi watu husema, huyu amekwisha kufika, ana nini cha kulalamika? Leo nataka niseme wazi kwamba karani naye ana jasho, na jasho lake linaliwa bure kila jioni katika miji yetu, na sisi tunatazama.

Jambo lenyewe ni hili. Katika ofisi nyingi za makampuni na za watu binafsi, Dar es Salaam na kwingineko, saa ya kutoka kazini imeandikwa katika mkataba lakini haifuatwi. Ikifika saa kumi na mbili jioni mtu hathubutu kusimama, kwani mkubwa bado yumo chumbani mwake. Hakuna aliyetoa amri ya kubaki, wala hakuna karatasi iliyotiwa sahihi; lakini anayeondoka kwa saa yake huitwa mvivu, husemwa hana moyo wa kazi, na siku ya kuongeza mishahara jina lake hurukwa. Hata akifika nyumbani kazi humfuata kwa simu ya mkononi: lete hesabu ile, rekebisha ripoti hii, na saa hiyo ni saa nne ya usiku. Mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule. Akiuliza habari ya malipo ya saa za ziada hujibiwa: wewe si kibarua, wewe ni mtu wa mshahara.

Jibu hilo si kweli, na ni lazima kila mfanyakazi ajue kwamba si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya vibarua peke yao. Inasema kazi ya kawaida isizidi siku sita kwa juma, saa 45 kwa juma, na saa tisa kwa siku. Inasema saa za ziada hazifanywi ila kwa makubaliano, tena zisizidi saa 50 katika kila majuma manne. Inasema kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida, na mtu akifanya kazi siku yake ya mapumziko ya juma au siku ya sikukuu, alipwe maradufu. Na kwa kuwa watunga sheria walijua kwamba wako watu wanaolipwa kwa mwezi, waliweka humo humo kanuni ya kuugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa juma, na wa juma kuwa wa saa. Kama mtu wa mshahara hahusiki na saa za ziada, kanuni hiyo iliwekwa ya nini?

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba jambo lisiloeleweka kwa maneno lielezwe kwa hesabu. Basi tupige hesabu. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 585,000 kwa mwezi. Anaingia saa mbili asubuhi, anapumzika saa moja mchana, na saa kumi na mbili jioni amekwisha kutimiza saa zake tisa. Kwa siku tano hizo ni saa 45. Gawanya mshahara wake kwa 4.333, kisha kwa 45, utapata kama shilingi 3,000 kwa saa. Saa ya ziada basi ni shilingi 4,500. Mtu huyu akibaki mpaka saa mbili usiku kila siku, hizo ni saa kumi kwa juma, yaani shilingi 45,000. Kwa majuma manne ni shilingi 180,000. Hiyo ni karibu theluthi moja ya mshahara wake, nayo haiingii mfukoni mwake hata senti.

Tuendelee. Ukitoa siku 28 za likizo, mtu huyu hufanya kazi majuma 48 kwa mwaka. Saa kumi kila juma ni saa 480. Zigawanye kwa 45, utaona kwamba amefanya kazi zaidi ya majuma kumi bila malipo. Miezi miwili na zaidi katika mwaka anamfanyia tajiri wake kazi ya bure! Angeambiwa siku ya kwanza kwamba Januari na Februari hakuna mshahara, angekataa palepale. Kwa kuwa huchukuliwa kidogo kidogo kila jioni, hasemi neno. Chururu si ndo ndo ndo.

Wako waajiri wenye hila nyingine. Sheria hii ya saa haiwahusu wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, wakiwajibika moja kwa moja kwa mkubwa wa ngazi ya juu. Basi siku hizi utamkuta kijana ameitwa Meneja wa hiki na Meneja wa kile, na chini yake hakuna hata mtu mmoja wa kumtuma faili. Amepewa cheo badala ya malipo. Ndugu zangu, sheria inatazama kazi mtu anayoifanya, haitazami maneno yaliyoandikwa mlangoni. Cheo hakipiki ugali.

Wengine husema kazi zile ni za dharura. Kweli, dharura ipo, na sheria yenyewe inaitambua. Mafuriko yakiingia ghalani, hakuna mtu mwenye akili atakayetazama saa ya ukutani. Lakini dharura inayokuja kila siku saa kumi na mbili jioni si dharura. Huo ni upungufu wa watu ofisini, na mwenye ofisi hataki kuajiri.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa hata yule ambaye hajapata kuketi katika ofisi yoyote. Makarani wanne wakifanya saa kumi za bure kila mmoja, hizo ni saa 40 kwa juma. Hiyo ni karibu kazi kamili ya mtu wa tano. Na mtu wa tano yuko wapi? Yuko nyumbani kwa wazazi wake na cheti chake ndani ya bahasha, ameandika barua za maombi mpaka kalamu imekauka. Halafu mwajiri yule yule humwambia karani: usipotaka, wako wengi mlangoni! Wako wengi mlangoni kwa sababu kazi yao inafanywa bure na walioko ndani. Kwa hiyo karani anayenyamaza asidhani anajiumiza peke yake.

Najua pia kwamba atatokea mtu na kunikumbusha Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilisema kwamba saa 45 kwa juma ni chache kwa nchi kama yetu. Ni kweli lilisema hivyo, na lilisema hivyo likitaka watu wafanye bidii ili nchi ijitegemee. Halikusema mtu afanye kazi ya bure kwa faida ya mtu mwingine. Azimio lile lile ndilo lililokataa mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Kujitolea kuchimba msingi wa shule ya kijiji ni sifa, kwa sababu shule ni ya wote. Lakini kukesha ukiandaa hesabu za duka la mtu bila malipo, kwa kuogopa kufukuzwa, huko si kujitolea. Anayetaka bidii zaidi ya saa 45, na ailipie.

Tena tusidhani haki hii imeshuka kutoka mbinguni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wafanyakazi wa Chicago waliigomea siku ndefu ya kazi mwaka 1886, na damu ikamwagika. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa mwaka 1919, nao ulihusu saa za kazi za viwandani. Mwaka 1930 likapitisha mwingine kwa ajili ya watu wa biashara na maofisi. Hapa kwetu, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, Katibu Mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye alikuwa mtumishi wa Serikali na kiongozi wa chama cha watumishi wenziwe Waafrika. Mtu wa ofisi hakuona aibu kusimama safu moja na mchukuzi wa bandari. Iweje leo karani aone chama cha wafanyakazi ni cha watu wenye mikono michafu tu?

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mmoja asome mkataba wake, aone saa zilizoandikwa humo. Pili, awe na daftari. Aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na aliyempa kazi. Na ujumbe wa simu wa usiku asiufute. Tatu, ajiunge na chama cha wafanyakazi. Wa biashara na makampuni wanacho TUICO, na wengine wanavyo vyama vyao. Mtu mmoja akisimama saa kumi na mbili ataitwa mvivu. Wakisimama ishirini pamoja, hiyo ndiyo saa ya kutoka. Nne, mwajiri akikataa kulipa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na shauri la madai kama haya lipelekwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Usingoje mwaka upite ndipo uanze kulia.

Na kwa wakubwa wa maofisi nina neno moja. Wengi wenu mlikuwa makarani jana. Mnaijua foleni ya daladala saa tatu za usiku, mnajua kufika nyumbani na kukuta watoto wamekwisha lala. Kama kazi ni nyingi, ajirini watu. Kama hamtaki kuajiri, lipeni saa za ziada. Kama hamtaki kulipa, mwacheni mtu aende kwake.

Husemwa mnyonge hana haki. Haki anayo, tena imeandikwa na kupigwa mhuri. Kilichobaki ni kuidai, na haidaiwi na mtu mmoja mmoja akinong'ona kwenye ngazi za ofisi.