Mshabiki si Mgeni katika Nyumba Yake

Mtu aimbaye peke yake huitwa mwenye furaha. Watu elfu waimbao pamoja huitwa hatari. Hukumu hii imezoewa na watawala wa nchi nyingi, lakini ni nchi chache zilizoitumia juu ya mpira kwa bidii kama Uskoti. Nchi ile ina watu wapatao milioni 5 na nusu. Kila mwisho wa juma, maelfu yao hutoka Glasgow, Edinburgh, Aberdeen na Dundee, na katika miji midogo isiyo na sifa nyingine ulimwenguni ila timu yake, wakaenda viwanjani kwa mabasi waliyoyakodi wenyewe, wakichukua bendera walizozishona wenyewe. Watu hawa hawakukusanywa na mtu, wamejikusanya. Wana vyama vyao, viongozi wao, michango yao, ngoma zao na nyimbo zao. Juu yao imeenea rai moja yenye nyuso mbili: kwamba mshabiki ni mhalifu wa kulindwa, au ni mfuko wa kuchotwa. Nyuso zote mbili ni za uongo. Mshabiki ni mwenye nyumba, na ataendelea kutendewa dhuluma, na yeye mwenyewe ataendelea kutenda makosa, mpaka jambo hilo likubaliwe.

Asili ya jambo hulifunua jambo. Chama cha Celtic kilianzishwa Glasgow mwaka 1887, katika ukumbi wa kanisa, kwa shauri la mtawa mmoja, Brother Walfrid, ili fedha za viingilio ziwalishe maskini wa Kiayalandi waliohamia mashariki ya mji ule. Haukupita muda mrefu, wapenzi wa timu wakaanza kuunda vyama vya kusafiri pamoja kwa magari makubwa yaliyokokotwa na farasi, kila chama na bendera yake. Baadhi ya vyama vya kwanza vilitoka katika jumuiya za kanisa za watu walioweka ahadi ya kutokunywa pombe. Basi babu wa kikundi cha washabiki wa leo hakuwa mhuni wa njiani. Alikuwa kibarua aliyeweka akiba kidogo kidogo apate nafasi katika gari, na aliyeapa kukaa mbali na chupa. Anayesema kuwa ushirika wa washabiki ulizaliwa na fujo, na asome historia kabla ya kuandika sheria.

Tena na iulizwe: katika karne nzima ya kandanda ya Uskoti, ni kitu gani kilichoua washabiki wengi kuliko vyote? Tarehe 2 Januari 1971, Rangers na Celtic walipokwisha kucheza katika uwanja wa Ibrox, watu 66 walikufa kwa kubanana na kuangukiana katika ngazi namba 13. Hawakuuawa na ugomvi, wala na wimbo, wala na rangi ya kitambaa cha shingoni. Ngazi ile ilikuwa imekwisha kuua watu wawili mwaka 1961, na kuumiza wengine baadaye katika miaka ile ile ya sitini. Mahakama iliyosikiliza dai la fidia mwaka 1974 iliona kosa kwa chama chenye uwanja. Sheria ya usalama wa viwanja ilitungwa mwaka 1975, makaburi yakiwa yamekwisha kuota majani. Ajabu iliyoje, basi, kwamba mshabiki ndiye aliyeendelea kutazamwa kwa jicho la wasiwasi, ilhali hatari kubwa iliyompata ilitoka kwa wale waliokuwa na wajibu wa kumlinda!

Mpinzani atajibu kuwa fujo zilikuwako. Naam, zilikuwako, na kuzikana ni kupoteza haki ya kusikilizwa. Mwaka 1909, katika uwanja wa Hampden, fainali ya kombe ilipokwisha kwa sare mara ya pili, watu wa pande zote mbili waliingia uwanjani, wakavunja na kuchoma moto, wakishuku kuwa sare zile zilikusudiwa ili viingilio vilipwe tena. Mwaka 1980, katika uwanja huo huo, washabiki wa Celtic na wa Rangers walipigana kati ya uwanja mpaka askari wa farasi wakawatenga. Mwaka ule ule sheria ikapiga marufuku pombe viwanjani. Marufuku ile ilikuwa na sababu njema, na haikosi iliokoa damu ya wengi. Lakini na itazamwe jinsi ilivyokaa katika miaka iliyofuata: mtu wa kiti cha kawaida hanywi, ilhali mgeni wa heshima katika chumba cha karamu, chini ya paa lile lile, huletewa mvinyo pamoja na chakula chake. Sheria iliyowekwa kwa ajili ya ulevi imegeuka kuwa mpaka baina ya kiti cha bei ndogo na kiti cha bei kubwa.

Mfano mkubwa zaidi ni sheria ya mwaka 2012 juu ya mwenendo wa kuchukiza katika kandanda. Msimu wa 2010 na 2011 ulikuwa mchungu. Vifurushi vilivyofanywa vionekane kama mabomu vilitumwa kwa njia ya posta kwa mwalimu wa Celtic wa wakati ule, Neil Lennon, na kwa watu wengine. Serikali ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Lakini mshtuko ni mshauri mbaya wa mtunga sheria. Bunge la Edinburgh lilipitisha sheria ile mwezi wa Desemba 2011 kwa kura za chama kimoja, vyama vya upinzani vikiikataa. Ilitisha kwa kifungo cha mpaka miaka mitano. Ilifanya kosa lolote ambalo mtu wa busara angeweza kuliona la kuchukiza, likiwa laweza kuchochea fujo, hata kama watu wa kuchochewa hawakuwapo mahali pale! Ilimfuata mshabiki njiani, ikamfuata na katika baa yenye kuonyesha mchezo kwa televisheni; na mtu aliweza kuhesabiwa kuwa yumo katika safari ya mchezo hata kama hakuwa na nia ya kuuona. Hakimu mmoja wa Dundee, mwaka 2013, aliifananisha sheria ile na nyama ya kusaga, neno ambalo kwa Waskoti ni la kumtajia mtu asemaye upuuzi.

Na wale waliotuma vifurushi, je? Watu wawili walihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka mitano kila mmoja, kwa kosa la kula njama ya kudhuru ambalo sheria ya kale ilikuwa ikilijua tangu zamani. Sheria mpya haikuhitajiwa kumkamata mhalifu. Ilitumika kumkamata mwimbaji. Vikundi vya washabiki viliungana kuipinga, vikaandamana, vikawaandikia wabunge, vikangoja. Tarehe 15 Machi 2018 Bunge lile lile lilikubali kuifuta, kura 62 kwa 60. Watu walioitwa wasiojua kanuni ndio waliowafundisha watunga kanuni kazi yao, na walifanya hivyo kwa njia za kiungwana.

Uso wa pili wa uongo, ule wa mfuko wa kuchotwa, umefichuliwa na madeni. Mwaka 2012 kampuni iliyokuwa na Rangers ilifilisika, na timu ikaanza tena katika daraja la chini kabisa la ligi. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, washabiki walibaki. Katika mchezo wa kwanza wa ligi nyumbani, watu zaidi ya 49,000 walikuja kutazama mpira wa daraja la nne. Mwaka 2013 chama cha Hearts cha Edinburgh kiliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Maelfu ya washabiki wakaanza kutoa mchango wa kila mwezi, na mwezi wa Agosti 2021, baada ya kuchanga zaidi ya pauni milioni 10, sehemu kubwa ya hisa ikawa mali ya umoja wao. Motherwell imekuwa mikononi mwa washabiki wake tangu mwaka 2016. Na mwaka 2024, fedha za tajiri wa Kimarekani zilipoletwa kwa sharti la kupunguza sauti yao, wanachama walipiga kura na kuzikataa. Huo ndio mwenendo wa mwenye nyumba: anajua tofauti ya mgeni mwema na mnunuzi wa kiwanja.

Lakini mwenye nyumba ana wajibu, na hapa vikundi vya washabiki havina budi kusikia neno lisilopendeza. Ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti, uliovuka bahari kutoka Ayalandi, bado unapewa chakula na nyimbo za viwanjani. Mwaka 2019 shirikisho la kandanda la Ulaya lilifunga sehemu ya uwanja wa Ibrox kwa ajili ya nyimbo za chuki. Mwezi wa Novemba 2023, huko Dundee, moshi wa fataki uliamsha kengele za moto, na mchezo ukasimama. Hakuna kikundi kinachoweza kudai kuwa ni jumuiya siku ya sifa, kikawa umati usio na majina siku ya lawama. Washabiki wale wale wa Celtic waliopeperusha bendera za Palestina mwaka 2016 walichangisha zaidi ya pauni 170,000 kwa ajili ya misaada ya Wapalestina, shirikisho la Ulaya lilipokuwa likiwatoza faini. Wenye uwezo wa kukusanya fedha nyingi hivyo kwa siku chache hawawezi kusema kuwa hawana uwezo wa kumnyamazisha jirani yao anayetukana dini ya mtu. Mwenye nyumba hachomi paa lake, wala hamwachi mwanawe alichome kisha akamlaumu zimamoto.

Dawa, basi, si askari zaidi, wala si hotuba zaidi. Dawa ni kumpa mshabiki mahali pa kusema na mzigo wa kuchukua: kiti katika baraza la chama chake, hisa kwa jina la umoja wake, na jukumu la sehemu ya uwanja anayoiita yake. Aliyepewa funguo huulizwa habari za mlango. Asiyepewa kitu huulizwa nini?

Wanaodhani kuwa mpira unaweza kuwa salama bila ya kumpa mshabiki sauti na waende Glasgow, katika bustani ya Cathkin. Pale ndipo palipokuwa uwanja wa Third Lanark, timu iliyoanzishwa mwaka 1872. Mwaka 1961 ilimaliza ligi ikiwa ya tatu. Mwaka 1967 ilikufa, imeharibiwa na uongozi wake mwenyewe, na washabiki wake hawakuwa na kura hata moja ya kuizuia isife. Ngazi walizosimama bado ziko, na miti imeota juu yake. Uwanja ule hauna fujo, hauna fataki, hauna wimbo wa kumchukiza mtu yeyote. Una amani kamili. Lakini hauna timu.