Tawakali si kuacha faili moja



Kuna neno limezoeleka na sisi tunalikataa: "Mwenyezi Mungu atalinda." Analisema mshika hesabu za kikundi, analisema mwalimu wa madrasa, na kazi yao yote imo kwenye faili moja, kompyuta moja. Atalinda, ndiyo. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu ngamia, aliagiza afungwe kwanza, ndipo mtu ategemee.

Sisi wa Unguja tunajua adha ya kutegemea kimoja. Desemba 2009 laini ya umeme kutoka bara iliharibika, kisiwa kikakaa gizani takriban miezi mitatu. Faili moja ni laini hiyo hiyo.

Tazameni Bibi Hafsa (r.a.). Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Abubakar zilihifadhiwa kwake baada ya baba yake, Umar. Uthman aliziazima, zikanakiliwa, nakala zikapelekwa miji mbalimbali, naye akarudishiwa zake. Waliohifadhi vifuani walikuwapo tele, na bado walinakili. Nani kati yetu anawashinda kwa tawakali?

Wengine watasema haya ni mambo ya mafundi. Si kweli. Hata dada zetu wa bara, kule Janga, Kibaha, wanaoandika hesabu za kikundi kwa Notepad++, wanahitaji dakika mbili tu. Fungua "Settings", kisha "Preferences", kisha "Backup". Ile akiba ya kila sekunde 7 inayokuja na programu huokoa maandishi ambayo hujayasevu. Ukifuta michango kwa bahati mbaya kisha ukasevu, haikufai kitu. Chagua "Verbose backup": kila ukisevu, toleo la nyuma linabaki, lina tarehe na saa yake. Folda ya nakala iwe kwenye flashi, uichomeke kila unapoandika na uiweke mbali ukimaliza. Kompyuta ikiibiwa, nakala isiondoke nayo.

Tunasema kwa ukali kwa sababu mchango wa mjane ni amana. Al-Baqara, aya ya 282, inaamrisha deni liandikwe. Kilichoandikwa kikapotea hakina tofauti na kisichoandikwa, na wa kwanza kudhulumiwa ni yule asiye na shahidi. Anayeshika hesabu za watu bila nakala asijifiche nyuma ya kadari.

Iwashe leo, kabla ya Magharibi.